Pengo Alilolijaza Brutus

Siku ya kwanza niliposoma Juliasi Kaizari, tamthiliya ya Shakespeare kuhusu kuuawa kwa Caesar, kiongozi wa Roma, pamoja na wanafunzi wa klabu ya fasihi, hapa Tabora, niliandika ubaoni wasifu wa Brutus kwa namna ileile niliyoandikia wasifu wa wahusika wote katika miaka kumi na mmoja ya ualimu wangu. Ni mzalendo. Ni mwaminifu. Ana msimamo thabiti. Anaheshimiwa na jamii. Ni mume mwenye upendo. Wanafunzi waliinamisha vichwa wakanakili, na kwa dakika kadhaa hapakusikika kitu isipokuwa kalamu, pamoja na maembe machanga yaliyokuwa yakidondoka juu ya bati la stoo. Msichana mmoja wa kidato cha tatu hakuwa akiandika. Alinyoosha mkono, akasimama, akasema, “Samahani, mwalimu. Kama Brutus ni mwaminifu, mbona amemchoma kisu rafiki yake?”

Nilimjibu haraka kwamba huo ndio uzalendo wake, kwamba alimpenda Caesar lakini aliipenda Roma zaidi. Ni jibu ambalo Brutus mwenyewe analitoa mbele ya umati, na mimi nililikariri katika madesa, yale makaratasi ya majibu ya kukariri, tangu nikiwa chuoni. Yule binti akasema, “Sawa, mwalimu,” akaketi, akaandika. Nilimtazama alivyoandika, nikaona anaandika kama mtu anayetia saini karatasi ambayo hakupewa nafasi ya kuisoma. Usiku ule sikulala vizuri, kwa sababu nilitambua kwamba nilikuwa nimemjibu muuaji alivyotaka ajibiwe.

Ninaelewa jinsi tulivyofika hapo. Swali la mtihani humtaka mwanafunzi atumie tamthiliya mbili alizosoma, atoe hoja tatu kutoka kila kitabu, na muda ni mfupi. Mwalimu anayewapenda wanafunzi wake huwaandalia hoja mapema: dhamira ni usaliti, ukombozi, nafasi ya mwanamke katika jamii, wahusika ni huyu bapa asiyebadilika, huyu duara anayebadilika, huyu mkuu, hawa wasaidizi. Orodha hizo zimewafaulisha wengi, na sitaki kuzidharau, maana mimi mwenyewe ni zao lake. Lakini mtu aliyezoea kuandikiwa sifa za mhusika kabla ya kukutana naye huingia kitabuni akiwa ameshakata shauri, na kila atakachokisoma humo atakisoma kama ushahidi wa kile alichokuwa nacho mkononi.

Nakala tuliyoitumia ilikuwa kuukuu, jalada lake limebandikwa upya kwa gundi na kipande cha boksi la biskuti, na katika kurasa za mwanzo msomaji fulani wa zamani alikuwa amepiga mistari ya penseli kila mahali palipo na jina la Brutus. Tafsiri hiyo ni ya Mwalimu Nyerere, ambaye aliwahi kukaa katika mji huu kwanza akiwa mwanafunzi, kuanzia 1937, kisha akiwa mwalimu katika shule ya St. Mary’s baada ya kutoka Makerere. Tafsiri ya kwanza ilitoka mwaka 1963, akiwa tayari ni Rais, na mwaka 1969 akaitoa tena baada ya kuirekebisha. Mwaka huohuo wa 1969 ikatoka na tafsiri yake ya pili ya Shakespeare, Mabepari wa Venisi. Jina hilo peke yake ni somo zima la uchambuzi, kwa kuwa jina la Kiingereza, The Merchant of Venice, linamtaja mfanyabiashara mmoja tu, na neno lake ni la kawaida, lisilomlaumu mtu. Mtafsiri amelipa wingi na amelipa lawama. Kabla hujafungua ukurasa wa kwanza umekwisha kuambiwa kwamba mkosaji si Myahudi mmoja mkopesha fedha, kwamba mji wote umo ndani ya hesabu. Kufasiri na kutafsiri kwa Kiswahili ni ndugu wa tumbo moja, na tangu nilipoliona hilo siwezi tena kumfikiria msomaji kuwa mtu anayepokea tu.

Niliichukua ile nakala nyumbani nikaisoma upya sehemu ya pili, onyesho la kwanza, ambapo Brutus yuko bustanini usiku peke yake. Ninalieleza onyesho hili kwa kirefu kwa sababu ndilo lililonibadilisha.

Sentensi yake ya kwanza akiwa peke yake inasema kwamba jambo hili litamalizika kwa kifo cha Caesar. Hukumu imetangulia, na sababu zinakuja nyuma yake zikihema. Anakiri kwamba yeye binafsi hana kisa na Caesar. Anakiri pia kwamba hajawahi kumwona Caesar akiongozwa na matamanio kuliko akili. Huu ni ushahidi mzito unaomtetea mshtakiwa, na anayeutoa ni hakimu mwenyewe. Kisha anasema: lakini anataka kuvikwa taji, na taji huenda likambadili, basi na tumchukulie kama yai la nyoka, ambalo likianguliwa litakuwa na sumu kama nyoka wote, tuliue lingali ndani ya ganda.

Niliposoma sehemu hii darasani wiki iliyofuata, niliwaomba wanafunzi watafute, katika maneno yote ya Brutus bustanini, kitenzi kimoja kinachoeleza jambo baya ambalo Caesar amekwisha kulifanya. Walitafuta kwa dakika nyingi. Walipata “huenda”, walipata “akipata”, walipata “ataweza”, walipata “kama”. Kiswahili ni lugha isiyoficha jambo la namna hii: kiambishi cha wakati kimekaa katikati ya kitenzi, na asiyekiona ni kwa sababu hataki kukiona. Hapakuwa na -me- wala -li- ya kosa hata moja. Mtu atauawa kwa sababu ya -nge- na -ki-.

Hapo kijana mmoja akapinga, na upinzani wake ulikuwa wa maana. Alisema, “Lakini, mwalimu, wahenga wamesema mwana wa nyoka ni nyoka.” Darasa likaitikia kwa kichwa. Ndipo nilipoelewa kwa nini hoja ya Brutus hupita masikioni mwetu bila kugonga popote. Methali imekwisha kumfanyia kazi. Tunaisikia picha ya nyoka, tunaitambua, na katika kuitambua tunaacha kuuliza ni nani aliyethibitisha kwamba kilichomo ndani ya ganda ni nyoka. Niliwauliza tu, “Yai hili ameliokota wapi?” Walirudi kitabuni, na jibu walilolipata ni kwamba Brutus anasema wazi kuwa Caesar kama alivyo sasa haitoshi kuwa kisa, ndiyo maana inabidi hoja itengenezwe kwa namna nyingine. Anajiambia mwenyewe kwamba anaitengeneza!

Baada ya maneno hayo kijana wake wa nyumbani, Lucius, anamletea karatasi aliyoiokota dirishani alipokuwa akitafuta jiwe la kuwashia moto. Mtazamaji anajua karatasi hiyo imetoka wapi: Cassius, kiongozi wa njama ya kumuua Caesar, alikwisha kutuambia kwamba atatupa madirishani mwa Brutus barua zenye hati za mikono tofauti, zionekane kana kwamba zimeandikwa na raia wengi. Brutus hajui. Anaifungua na kuisoma kwa mwanga wa vimondo vinavyopita angani usiku ule wa tufani. Barua inamwambia kwamba amelala, aamke, kisha inasema “Je, Roma...” na kukatika hapo, kama mtu aliyefunikwa mdomo. Brutus anasema lazima ayaunge maneno hayo mwenyewe, naye anayaunga: je, Roma ikae chini ya hofu ya mtu mmoja? Katika karatasi hayo hayakuwamo. Palikuwa na pengo, akalijaza kwa kile alichokuwa nacho moyoni tangu sentensi ya kwanza, kisha akaiapia Roma kwamba ombi lake limesikika.

Nilisoma mstari huo nikaiweka nakala juu ya meza. Inanipasa kusema sababu, kwa kuwa bila yake uchambuzi wangu ungebaki wa darasani tu.

Mtaani kwetu tuna chama cha kufa na kuzikana, na kwa miaka kadhaa nilikuwa katibu wake. Mwenyekiti wetu alikuwa mzee mstaafu, mtu wa maneno machache, aliyeshika nafasi hiyo miaka tisa. Siku moja, nikirudi kazini, nilikuta chini ya mlango wangu karatasi ya miraba iliyochanwa kwenye daftari la hesabu, imeandikwa kwa penseli, herufi kubwa: ANGALIENI HESABU YA MATURUBAI. Hapakuwa na jina wala neno jingine. Mzee huyo alikuwa na mtoto wake wa kiume aliyekodisha viti na maturubai kwa ajili ya harusi, na mimi sikuhitaji msaada wa mtu yeyote kuyaunga yaliyobaki. Katika mkutano wa wanachama nilisimama nikasema maneno ambayo leo nikiyakumbuka ninayasikia kwa sauti ya Brutus: kwamba sina ugomvi naye, kwamba hakuna anayedai kwamba ameiba, lakini mtu akikaa muda mrefu hivyo chama huwa mali yake, na akiachwa miaka mitatu mingine tutashindwa kumtoa. Nilisema kwa nia njema. Ninaliandika hilo bila kujitetea, kwa sababu nia yangu kweli ilikuwa njema, na ndiyo iliyowafanya watu waniamini. Tulimwondoa. Alisimama, akaweka mbele yangu daftari la chama lililofungwa katika kipande cha kanga, akaomba ruhusa ya kuondoka kwa kuwa alikuwa na mgonjwa nyumbani. Mweka hazina alihesabu. Haikupungua hata shilingi.

Tangu hapo nilipokutana na Brutus sikuweza tena kumwita msaliti, na sikuweza kumwita mzalendo. Maneno yote mawili yalikuwa mepesi. Nilichokiona ni mtu mwema ambaye wema wake umekuwa kiziba cha macho: kwa kuwa anajua moyo wake ni safi, haulizi kama alichokisoma ni kweli.

Wanafunzi walitaka kuigiza, na tukaigiza chini ya mwembe ulio nyuma ya jengo la maabara. Niligawa darasa: wachache wawe wahusika, waliobaki wote wawe umati wa Roma. Katika Kiingereza cha Shakespeare, Brutus huhutubia umati kwa nathari iliyopangwa kwa mizani, kila sentensi ikijibu nyingine, na Antony, rafiki wa Caesar, humfuata kwa ushairi. Nilimwambia kijana aliyekuwa Antony asiipandishe sauti anaposema kwamba Brutus ni mtu wa heshima, aiseme mara ya kwanza kama anayeamini kweli, na kila anaporudia apunguze kidogo tu ule mwendo wa heshima. Alikuwa na kipaji. Alipofika mara ya tatu, umati wangu wa kidato cha pili na cha tatu ulianza kupiga kelele kabla ya mahali palipoandikwa kelele. Aliposhika shuka tuliyoitumia kama vazi la Caesar na kuonyesha tundu la kila kisu, wakasogea mbele. Aliposema kwamba wasia wa Caesar unampa kila raia drakma 75, pamoja na bustani zake kando ya mto Tiber, walipiga yowe hadi mlinzi akaja kuona kuna nini.

Kisha linakuja onyesho fupi ambalo madesa yote niliyowahi kuyaona huliruka. Mshairi aitwaye Cinna anatembea barabarani. Umati unamzingira, unamuuliza jina, anajibu Cinna. Mmoja wa waliomuua Caesar pia anaitwa Cinna. Anapiga kelele kwamba yeye ni Cinna mshairi, si yule mla njama. Mmoja wao anasema basi na achanwe kwa mashairi yake mabaya. Mwingine anasema haidhuru, jina lake ni Cinna. Mvulana aliyeigiza Cinna alikuwa mdogo kuliko wote, na wenzake walimrukia wakicheka. Walicheka mpaka alipoanguka chini kweli na miwani yake ikatoka. Ghafla pakawa kimya. Waliosimama juu yake walikuwa bado wameinua mikono, wakatazamana, na mmoja akainama kuokota ile miwani akaifuta kwa shati lake kabla ya kumrudishia. Sikusema kitu. Hakuna dhamira niliyowahi kuiandika ubaoni iliyofundisha kama ile dakika.

Siku ile niliwapa kazi moja tu ya nyumbani, kulisoma onyesho linalofuata na kueleza wasia umekwenda wapi. Antony na wenzake wapya madarakani, Octavius na Lepidus, wameketi mezani wakitia alama majina ya watu watakaouawa. Lepidus anakubali ndugu yake auawe, Antony naye anakubali kumtoa mtoto wa dada yake. Kisha Antony anamtuma Lepidus akaulete wasia wa Caesar, waone jinsi ya kupunguza kinachopaswa kulipwa. Ule wasia! Wasia uleule uliowatoa watu machozi sokoni sasa unaletwa ili ukatwe. Shakespeare haongezi hata neno moja la kumlaani Antony. Ameyaweka maonyesho mawili karibu karibu na kumwachia msomaji. Nadhani hapa ndipo dhamira inapozaliwa, katikati ya jambo alilolisema mhusika mahali fulani na alilolifanya mahali pengine, na ndiyo maana haiwezi kuandikwa kwa neno moja kama “unafiki” kisha mtu akaendelea na hoja ya pili.

Yule binti aliyeniuliza siku ya kwanza akauliza tena. Alitaka kujua kama kila hotuba inayowageuza watu ni ulaghai. Nilimjibu kwa kisa cha mji wetu. Mnamo Januari 1958 TANU, chama kilichokuwa kikipigania uhuru wa Tanganyika, kilifanya mkutano wake hapahapa Tabora, na wajumbe wengi walifika wakiwa wameamua kuususia uchaguzi wa kura tatu, ambao ulimlazimisha kila mpiga kura achague Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Masharti yale yalikuwa ya kudhalilisha. Nyerere aliwahutubia akawageuza, na uamuzi wa kuingia katika uchaguzi ukaja kuitwa Uamuzi wa Busara. Zuberi Mtemvu hakukubali. Akajitoa, akaanzisha chama chake. Darasa lilikaa na kisa hicho kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Mmoja akasema tofauti ni kwamba Antony aliwapa watu kitu kitamu na Nyerere aliwaomba wameze kichungu. Mwingine akasema tofauti ni Mtemvu: aliyekataa alitoka mlangoni kwa miguu yake. Binti yule akasema kwamba Antony alijua atakalolifanya na wasia alipokuwa akiusoma, au pengine hakujua bado, na hilo ndilo asiloliona kitabuni. Nikamwambia aliandike hivyohivyo, kwamba kitabu hakisemi. Kwa mwalimu wa mtihani sentensi hiyo haina alama. Kwangu ilikuwa sentensi bora ya muhula mzima.

Sehemu ya nne ina lile onyesho la hemani ambapo Brutus na Cassius wanagombana, na nililisoma kwa shida. Brutus anamshutumu Cassius kwamba kiganja chake kinawasha, kwamba anauza vyeo kwa dhahabu. Kisha, karibu kwa pumzi hiyohiyo, anamlaumu kwa kutompelekea fedha alizomwomba za kulipia askari, kwa kuwa yeye Brutus hawezi kupata fedha kwa njia chafu wala kuwakamua wakulima wenye mikono iliyokomaa kwa jembe. Wanafunzi waliligundua hilo wenyewe: anataka mikono yake ibaki safi na anataka mgao wa fedha iliyotoka katika mikono anayoiita michafu. Walitaka kumhukumu papo hapo. Niliwazuia kidogo, nikawaonyesha jibu la Cassius, kwamba hakumnyima, bali aliyeleta jibu lake alikuwa mjinga. Hata hapa, kati ya marafiki wawili wanaokaribia kufa, kuna ujumbe uliosomwa vibaya njiani.

Sikuwaambia kilichonifanya niwazuie. Baada ya sisi kumwondoa mwenyekiti, nusu ya wanachama waliacha kulipa michango. Masika yalipoanza tukafiwa na mama mmoja wa mtaa wa nyuma, mvua inanyesha, chama hakina fedha ya kukodi chochote. Mimi ndiye niliyekwenda kwa yule mzee kuomba maturubai ya mtoto wake. Aliyatoa yote, akatuma na vijana wa kuyafunga. Kwa hiyo ninajua jinsi Brutus alivyoweza kusema maneno yale mawili hemani bila kusikia kwamba yanagongana. Kuna haja inayomziba mtu masikio.

Tulipofika uwanja wa Philippi, ambapo Brutus na Cassius wanapigana na majeshi ya Antony na Octavius, wanafunzi walikuwa wamekwisha kuzoea kutafuta barua zilizosomwa vibaya, nami niliwaachia. Waliipata ile ndoto ya Calphurnia, mke wa Caesar, aliyeiona sanamu ya Caesar ikitoa damu kama chemchemi, na Decius, mmoja wa wala njama, akaigeuza kuwa ndoto njema ili tu Caesar atoke nyumbani. Walimpata Cassius, mwenye macho mafupi, anayemtuma mtumwa wake Pindarus mlimani amtazamie vita. Pindarus anamwona Titinius, rafiki wa Cassius, amezingirwa na wapanda farasi wanaoshangilia, anasema ametekwa, na Cassius anajiua. Kumbe waliomzingira walikuwa marafiki, na kelele zile zilikuwa za furaha. Mvulana mmoja, wala hakuwa katika wale hodari, alirudi nyuma hadi sehemu ya kwanza na kutuonyesha maneno ya Cicero usiku wa tufani: kwamba watu huweza kuyafasiri mambo kwa namna yao wenyewe, mbali kabisa na makusudi ya mambo hayo. Cicero huyo husema maneno machache mno katika tamthiliya nzima. Kwenye orodha yangu ya zamani nilikuwa nimemwandika “mhusika msaidizi” na kumwacha.

Lakini ugunduzi ulionikaa rohoni ni wa yule binti. Alikuja ofisini mchana akiwa na daftari lake, ambamo alikuwa amenakili kila mahali ambapo Brutus na Caesar wanasemezana. Ukurasa haukujaa hata nusu. Mwanzoni Brutus anamrudia Caesar maneno ya mpiga ramli aliyemwonya juu ya tarehe 15 Machi. Asubuhi ya kifo chenyewe Caesar anamuuliza saa ngapi, naye anamjibu kwamba imekwisha kugonga saa mbili. Barazani anambusu mkono, akimwombea mtu aliyefukuzwa nchini. Basi. “Mwalimu,” akasema, “anasema anampenda, na taji ndilo analoliogopa, lakini hajamuuliza hata siku moja kuhusu taji. Amemwambia saa tu.” Nimefundisha kwa miaka mingi na sijawahi kupata sentensi iliyoeleza mhusika kwa ukamilifu namna hiyo.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda kwa yule mzee. Alikuwa barazani akichambua karanga kwenye ungo. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akanisogezea kigoda. Nilimweleza kuhusu karatasi ya miraba, ambayo sikuwahi kumwonyesha mtu yeyote katika mkutano, nikamwomba radhi kwa maneno niliyoyasema. Alisikiliza hadi mwisho bila kuacha karanga zake. Kisha akaniambia kwamba anajua ni nani aliyeiandika. Ni kijana aliyekuwa akilinda stoo ya chama. Maturubai mawili yalichanika kwa upepo katika msiba mmoja, yule kijana akaogopa kwamba atadaiwa, akataka viongozi waje wayahesabu na kujionea wenyewe kabla hajasingiziwa. Yeye alikwisha kukiri kwa mzee mwezi uleule.

“Sasa, baba,” nikasema, “mbona siku ile mkutanoni hukutuambia?”

Alipeta ungo mara moja, maganda yakaruka. “Hukuniuliza, mwalimu.”